Shajara ya paa: kuziba au kuezua?

Siku ya 1

Doa la korido limerudi. Mwaka jana nililipaka rangi nyeupe baada ya kuziba kwa lami mahali nilipodhani ndipo penye tundu, nikajipongeza. Jana usiku mvua ya nusu saa imelirudisha, na safari hii limekuja na mwenzake, sentimita 40 pembeni.

Naanza shajara hii kwa sababu nimechoka kuamua mambo ya paa kwa hasira. Mvua ikinyesha naapa nitaezua nyumba nzima; jua likiwaka nasema mbona paa lenyewe bado zima. Watu watatu wameshanipa ushauri. Mmoja kasema mabati ya miaka 30 hayana maisha tena. Wa pili kasema mabati ya zamani ndiyo mabati, ya siku hizi ni karatasi tu. Wa tatu kasema nipake rangi ya kuzuia maji, basi, yaishe. Wote watatu walikuwa wamesimama chini, wametazama juu huku wamekinga macho kwa kiganja. Nami nilikuwa nimesimama nao, natikisa kichwa kama mtu anayeelewa.

Kwa hiyo humu nitaandika nilichokiona kwa karibu, nilichokigusa au nilichokipima. Uvumi ubaki nje.

Hali ilivyo leo: nyumba ina urefu wa mita 11, paa lina pande mbili zinazokutana juu kwenye kofia, mabati ni ya mawimbi, ya chuma kilichopakwa zinki. Upande mmoja umefunikwa na kivuli cha mti mkubwa. Huo nitauita upande wa mti. Wa pili unapigwa jua kutwa nzima. Nitauita upande wa wazi. Ndani nimehesabu madoa 7 kwenye dari: korido 2, sebuleni 1, jikoni 1, chumba chetu cha kulala 1, stoo 2.

Ningeulizwa leo nibashiri, ningesema upande wa wazi ndio mbovu. Jua, mvua, upepo, vyote vinauelekea. Na madoa mengi yako huko.

Siku ya 2

Nimechora ramani. Kila doa nimelipima umbali wake kutoka kuta mbili, ili nikipanda darini nijue niko juu ya nini. Kazi ya dakika 20, na ndiyo ambayo sikuifanya mwaka jana nilipopanda na kopo la lami.

Siku ya 3

Nimeingia darini saa sita mchana, jua la utosini. Nimezima tochi, nikakaa kimya dakika chache mpaka macho yakazoea giza. Halafu nyota zikaanza kutokea.

Nimezihesabu mara mbili: vitundu 41 vinavyopitisha mwanga. Upande wa wazi una 7 tu, na vyote 7 viko kwenye misumari. Tundu limepanuka kuzunguka shingo ya msumari. Upande wa mti una 34. Kati ya hivyo, 12 viko kwenye misumari, na 22 viko katikati ya bati, mahali ambapo hapakuwahi kupigwa msumari wowote. Vingi vya hivyo 22 vimejipanga mstari mmoja wa kwenda pembeni, pale mabati ya juu yanapolalia ya chini.

Hapo ndipo ubashiri wangu ulipoanza kuyumba. Upande wenye vitundu 34 una madoa mawili tu chini yake, ya stoo. Upande wenye vitundu 7 una matatu. Ya korido yako chini ya kofia, hayana upande.

Nimelala chali kwenye ubao nikatafakari, kisha nikapitisha kidole chini ya bati la upande wa mti. Kidole kimerudi na unga mwekundu, unyevunyevu. Nikafuata unyevu huo kwa tochi kushuka: unateremka na tumbo la bati mpaka kwenye papi (mbao za kulala ambazo mabati hupigiliwa), unasambaa juu ya papi, unaendelea hadi ukingoni, kisha unadondokea nje ya ukuta. Kumbe tundu dogo kama ncha ya sindano halidondoshi. Tone linapenya, linang'ang'ania chini ya bati, linateleza na mwinamo kama lingeteleza juu. Dari haipati kitu. Papi ndizo zinazokunywa.

Nimeona pia kitu kingine. Kwenye kenchi ya tatu (kenchi ni fremu za mbao zinazobeba paa), fundi wa kwanza aliandika tarehe kwa penseli: 1994. Miaka 31. Angalau umri wa paa hautegemei tena kumbukumbu ya mtu.

Siku ya 4

Nimerudi darini na bisibisi na kipima unyevu cha kuazima.

Bisibisi kwanza. Unachoma mbao kwa nguvu ya kawaida ya mkono. Mbao nzima inapokea ncha milimita moja au mbili, na ukiibandua inatoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Mbao iliyooza inaimeza bisibisi, na ukiibandua inakatika vipande vifupi kama biskuti. Kenchi zote zimepita mtihani. Papi zimepita isipokuwa mbili za mwisho kabisa kule ukingoni, upande wa mti. Ile ya chini bisibisi imeingia mpaka nusu.

Kipimo cha unyevu: upande wa wazi asilimia 13 hadi 15. Katikati ya upande wa mti 17. Ukingoni upande huohuo 24 hadi 27. Mpaka wa usalama ni 20. Mbao ikikaa chini ya hapo kuvu wa kuozesha hawawezi kuendelea na kazi yao. Kwa hiyo uozo huu si wa zamani. Unaendelea ninapoandika.

Nimefunga uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya mhimili wa juu kwa sababu kwa macho, ukiwa nje, paa linaonekana limebonyea katikati. Uzi unasema limeshuka milimita 8 katika mita 11. Si kitu. Kinachoonekana kubonyea ni kofia, ambayo misumari yake imelegea na imelala upande. Lau ningeamini macho, ningeita mtu wa kunibadilishia kenchi zisizo na kosa.

Siku ya 6

Leo alfajiri doa la chumba cha kulala limedondosha maji. Jana mvua haikunyesha. Juzi pia.

Nimepanda darini na tochi kabla jua halijatoka. Tumbo lote la mabati juu ya chumba limejaa matone madogo, sawasawa, kama jasho usoni, upande wenye kitundu na upande usio nacho. Usiku mbingu zilikuwa wazi. Bati lililotazama mbingu wazi hupoteza joto lake haraka, likawa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa hewa hiyo ukifika pale unageuka maji. Hakuna tundu. Ni umande, ila umeangukia ndani.

Sasa swali ni kwa nini umeanza mwaka huu. Jibu ni mimi. Miezi kadhaa iliyopita nilichoka na popo, nikaziba kwa mbao matundu yote mawili ya hewa kwenye kuta za pembeni za dari. Popo waliondoka, mvuke ukabaki. Nikaja kulilaumu bati.

Nimeng'oa mbao, nikaweka wavu wa matundu madogo. Doa moja kati ya saba limetoka kwenye hesabu ya paa. Nimeona aibu kidogo, lakini ni aibu ya bei nafuu.

Siku ya 9

Siku ya mpira wa maji. Msaidizi juu ya ngazi na mpira, mimi darini na tochi na chaki. Ngazi tumeiegemeza kwa kipimo cha moja kwa nne: kila mita 4 za kupanda, mguu wa ngazi unatoka mita 1 kutoka ukutani, na kichwa chake kimefungwa kamba.

Tunaanza chini, tunapanda. Ukianza kumwagia juu, maji yatateremka na kupita kwenye kila tundu, na hutajua ni lipi limekuletea. Unamwagia ukingo dakika 10, unasubiri. Hakuna kitu? Unapanda hatua moja. Inachosha. Kufikia saa tano msaidizi wangu alikuwa ameanza kuimba.

Jikoni: tumemwagia pale juu ya doa, kavu. Mita moja juu, kavu. Mita mbili juu, kwenye kola ya bati inayozunguka bomba la moshi, maji yameingia baada ya dakika 3. Yamepita nyuma ya kola ambayo lami yake imekauka na kupasuka, yakatua juu ya papi, yakatembea juu yake mita 2 nzima kabla ya kupata msumari wa kudondokea. Mwaka jana nilipaka lami juu ya doa hili pia. Yaani mita 2 mbali na jeraha.

Sebuleni: misumari mitatu ya upande wa wazi, ile yenye matundu yaliyopanuka. Ikimwagiwa maji, yanaingia mara moja.

Korido: maji ya kawaida hayaingii. Tumebana mdomo wa mpira kwa kidole ili maji yapige kwa kasi kutoka pembeni kama mvua ya upepo, ndipo yakaingia chini ya kofia iliyolala upande. Ndiyo maana doa hili halifuati ukubwa wa mvua. Linafuata upepo.

Stoo: maji hayana mlango mmoja. Tukimwagia sehemu yoyote ya upande wa mti, tumbo la bati linalowa polepole.

Nimekaa na karatasi jioni. Madoa 7. Moja ni umande. Manne yana sababu tatu ambazo mtu mwenye bisibisi na siku moja anaweza kuzimaliza: kola, kofia, misumari mitatu. Mawili tu, tena yale madogo ya stoo ambayo hakuna mgeni anayeyaona, ndiyo yanayotoka kwenye ugonjwa wa bati lenyewe. Dari imenipa ushahidi kinyumenyume.

Siku ya 12

Fundi amekuja. Ni mzee aliyepaua nyumba tangu ujana wake, hana haraka, na jambo la kwanza alilofanya ni kukataa kusema chochote kabla hajapanda. Nilimwonyesha ramani. Akaitazama kwa muda mrefu.

“Hii umechora mwenyewe, mwanangu?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi nusu ya kazi yangu umeshaimaliza. Twende tukaone nusu ya pili.”

Juu tulitembea kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini ya misumari ndipo penye papi. Kwenye upande wa mti alitandaza ubao kwanza, akaupandia huo. Akaniambia bati lenye kutu linaweza kukubeba mara 100, mara ya 101 likakupeleka stoo.

Alipofika upande wa wazi alikwaruza bati kwa ukingo wa ufunguo. Chini ya vumbi pakatokea rangi ya kijivu, na hapa na pale unga mweupe. Unga mweupe ni kutu ya zinki, si ya chuma. Hapo akanieleza, na mengine nimeyajazia mwenyewe: zinki haikai pale kama rangi tu, ya kufunika. Inajitoa mhanga. Bati likikwaruzwa na chuma kikaonekana, zinki iliyo jirani ndiyo inayoliwa kwanza, chuma kinaachwa. Ufundi huu wa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa ulipewa hataza (haki ya uvumbuzi) Ufaransa mwaka 1837, kwa jina la mhandisi Stanislas Sorel, na bado ndio unaotuezekea nyumba. Ila mhanga una mwisho. Zinki ikishakwisha, siku ya kutu nyekundu imefika, na kuanzia hapo bati halina mlinzi.

Upande wa wazi mlinzi bado yupo. Isipokuwa bati moja, lenye mchirizi mwekundu mpana kama kiganja unaoanzia chini ya bomba la kutolea maji ya ziada la hita ya maji ya jua. Bomba lile ni la shaba. Maji yanayopita kwenye shaba hubeba chembe zake, na chembe hizo zikitua juu ya zinki huila vibaya. Majirani wa kushoto na kulia wa bati hilo ni wazima kabisa, wa miaka 31 ileile. Kwa hiyo umri peke yake haukusema kitu; maji ya bomba yamesema.

Upande wa mti alipokwaruza, ufunguo ulipita kwenye mba mwekundu, yaani kutu inayobanduka. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akarudi upande wa wazi, akagonga. Upande wa wazi unalia kama sufuria tupu. Upande wa mti unatoa sauti ya katoni.

“Bati lililokufa halilii,” alisema, akafuta vidole kwenye suruali.

Niliuliza kwa nini huku kwenye kivuli, na si kule kwenye jua. Akaokota konzi ya majani makavu yaliyobanwa kwenye mabonde ya bati, akayafinya. Maji yakatoka. Mara ya mwisho paa kulowa ilikuwa siku tatu nyuma, tulipolimwagia kwa mpira. Upande wa wazi unalowa na kukauka kabla ya saa kwisha. Upande wa mti unalowa na kukaa na maji yake siku tatu. Kutu haihesabu miaka, inahesabu saa za unyevu.

Misumari nayo ilikuwa na hadithi. Kila mita ya chuma hurefuka karibu milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Bati linaweza kuamka likiwa na nyuzi 15 na kufikia 60 mchana. Bati la mita 2.5 linarefuka na kusinyaa zaidi ya milimita 1. Kidogo. Lakini linafanya hivyo kila siku, na miaka 31 ni zaidi ya siku 11,000. Msumari hauna uzi wa kushika mbao, unang'olewa taratibu kama jino la mtoto.

Siku ya 13

Mshauri wangu wa tatu, yule wa rangi, amepita tena. Nimempa haki yake, nimefikiria.

Kwenye upande wa wazi rangi inaweza kuwa na maana: safisha, kausha, weka rangi ya msingi inayofaa zinki, kisha rangi ya juu, umempa mlinzi aliyebaki nguo ya ziada. Kwenye upande wa mti rangi ingekaa juu ya mba, na mba ukibanduka unaondoka na rangi yake. Tena rangi inapakwa uso wa juu. Kutu yetu inaonekana imeanzia kwenye mapandiano (pale bati moja linapolalia jingine) na tumboni, ambako brashi haifiki. Nasema “inaonekana” kwa sababu bado sijaona ndani ya mapandiano.

Siku ya 15

Leo tumefungua. Fundi ameng'oa safu moja ya mabati upande wa mti, ya juu na ya chini, akaifunika sehemu hiyo kwa turubai.

Pale bati la juu linapolalia la chini, sentimita 15 za mapandiano, nilitegemea kuona chuma kikavu kilichofichwa mvua. Nimekuta kinyume. Maji yakiingia kati ya mabati mawili yaliyobanana yanavutwa juu na wembamba wa upenyo wenyewe, na yakishafika hayatoki. Hakuna upepo, hakuna jua. Bati la chini limeliwa mpaka limekuwa kama wavu. Kidole kimepita bila kulazimisha. Kutoka juu bati hilohilo lilionekana lina kutu ya kawaida.

Nilikuwa na mikromita, kifaa cha kupimia unene. Bati la upande wa wazi, lile la jirani ya mchirizi, ukingoni: milimita 0.39. Bati la upande wa mti katikati ya uso: 0.31. Sentimita mbili kutoka kwenye mapandiano: 0.17, kisha tundu.

Kama ningekuwa na maswali bado, hapa yamekwisha. Hakuna kitu cha kuziba. Unaziba tundu lenye kingo nzima, na hapa kingo ndizo tundu lenyewe.

Jioni rafiki mwenye nyumba ya vigae vya udongo alinitumia picha akiuliza kama vipimo hivi vyamfaa. Nusu tu. Kigae kizuri cha udongo kinaweza kupita miaka 100, na mara nyingi kinachokufa kwanza ni karatasi iliyo chini yake, misumari au fito. Kwake swali ni je, vigae vishushwe, vilivyovunjika vitengwe, na vilivyo vizima virudishwe juu ya mbao mpya. Mwingine ana paa la zamani la karatasi ngumu za saruji zenye nyuzi. Huyo nimemwambia asikwaruze, asitoboe, asipige brashi, mpaka kipande kipimwe kama kina asbesto. Vumbi lake ni sumu ya mapafu, na kuliondoa paa hilo ni kazi ya watu wenye vifaa na ruhusa, si ya ufunguo wangu.

Siku ya 16

Njia tulizozikataa, ili nisije nikazirudia baada ya wiki mbili nikidhani ni mpya.

Kuezeka mabati mapya juu ya ya zamani. Inavutia: siku moja kazi imekwisha, nyumba haikai wazi hata usiku mmoja. Lakini kutu iliyofungiwa chini haifi, inabaki na unyevu wake na kulila bati jipya kutoka tumboni. Na papi mbili zilizooza zingezikwa hai humo ndani. Fundi hakubishana, alicheka tu.

Vigae. Mwenzangu anavipenda. Vigae vya zege vina uzito wa takriban kilo 45 hadi 50 kwa mita ya mraba; mabati yetu hayafiki 5. Kenchi zimepita mtihani wa bisibisi kwa mzigo zilioubeba tangu 1994. Hazikuwahi kuulizwa kama zinaweza kubeba mara kumi yake.

Kubadilisha mabati mabovu tu, moja moja, upande wa mti. Hii ndiyo ilinichukua muda. Kwa hesabu ya vitundu, mabati sita ya upande huo hayana hata kimoja. Lakini ukilichomoa bati la katikati unawatikisa majirani wake, na majirani wana mapandiano yaleyale. Ungerudi kila mwaka.

Siku ya 18

Tumebishana na fundi, kwa heshima, kuhusu upande wa wazi. Yeye anasema tuezue yote. Hoja yake ina uzito: kofia inang'olewa hata hivyo, ngazi zimeshafungwa, mafundi wako juu, na pande mbili zingezeeka pamoja. Nimemjibu kwa milimita 0.39. Bati lenye unene huo na zinki juu yake halina kosa la kung'olewa. Lina misumari mibovu, na msumari si bati.

Alinyamaza. Akaniuliza kama nikikosea nitakuwa tayari kumwita tena bila kununa. Nikasema ndiyo. “Basi sawa,” akasema, “bati hilo tutalitia skrubu, lisifundishwe tena na nyundo.”

Uamuzi ni huu. Upande wa mti unaezuliwa wote, na papi mbili za ukingoni zinabadilishwa pamoja na fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) iliyozigusa. Upande wa wazi unabaki: misumari yote inang'olewa, zinawekwa skrubu nene kuliko misumari, zenye washa ya mpira, zikaze mpaka mpira uanze kutanuka na si mpaka upasuke. Bati la mchirizi linabadilishwa, na bomba la shaba linaongezewa kipande cha plastiki kinachopeleka maji moja kwa moja kwenye gata, mfereji wa ukingoni wa kukusanya maji ya paa. Kofia mpya nyumba nzima. Kola mpya ya bomba la moshi, sehemu yake ya juu ikipita chini ya bati na ya chini ikilala juu ya bati, kama magamba ya samaki yanavyopangwa. Ya zamani iliwekwa juujuu pande zote ikaachiwa lami ifanye kazi ya akili.

Siku ya 19

Vipimo. Upande wa mti, kutoka kofia hadi ncha ya ukingo, mita 5 kasoro kidogo. Zamani ulikuwa na safu mbili za mabati ya mita 2.5 na ushee, na ule mstari wa mapandiano katikati ambao ndio uliotuua. Safari hii tunaagiza mabati ya mita 5 kwa kipande kimoja. Mapandiano ya kati yanatoweka, na pamoja nayo makao ya kutu. Gharama yake ni kwamba bati refu linatembea zaidi kwa joto, karibu milimita 3 badala ya 1, kwa hiyo matundu ya skrubu yatatobolewa mapana kidogo kuliko skrubu na mpira ndio utakaoziba.

Upana unaofunika, baada ya kulaliana pembeni wimbi moja na nusu, ni mita 0.76. Mita 11 zikigawanywa ni 14.5, yaani mabati 15. Naongeza 1 la akiba. Lile la upande wa wazi linahesabiwa peke yake kwa sababu lazima mawimbi yake yalingane na ya zamani. Fundi ameondoka na kipande cha sampuli mfukoni, maana mawimbi yanayotofautiana milimita chache hayabanani.

Unene nimesisitiza uandikwe kwa milimita kwenye oda, si kwa geji (namba ya madukani ya unene wa bati) peke yake. Geji inachanganya: namba ikipanda, bati linapungua, na nilishakuta watu wawili wanaoitaja geji moja kwa unene tofauti.

Gata nayo. Mvua ya milimita 20 juu ya upande huu mmoja ni zaidi ya lita 1,000. Gata ya sasa imeziba kwa majani nusu yake, na maji yanayofurika ndiyo yamekuwa yakirudi nyuma kwenye zile papi mbili.

Siku ya 22

Mti umepunguzwa leo. Matawi yaliyoning'inia juu ya paa yametolewa, shina limebaki na kivuli chake cha uani. Ningeezeka kwanza na kukata baadaye, tawi moja likiponyoka lingeanza maisha ya bati jipya kwa kulibonyeza.

Mabati yanafika keshokutwa. Yatahifadhiwa yamesimamishwa kwa mwinamo kidogo, yakiwa yametenganishwa na fito, kwa sababu mabati mapya yaliyolazwa pamoja yakiwa yamelowa huota kutu nyeupe kabla hata hayajapanda juu.

Nimepanda darini mara ya mwisho kabla ya kazi. Chumba cha kulala, usiku tatu za mbingu wazi, tumbo la bati kavu; wavu unafanya kazi. Kwenye kenchi ya tatu, chini ya penseli ya 1994, nimeandika kwa chaki: upande wa wazi, 0.39, pima tena baada ya misimu miwili ya mvua.